Mafuta ya Mahamri

Mto Tana ulipofurika Aprili na Mei 2024, shamba letu hapa Garsen lilikuwa ziwa. Maji yalipotoka, Mama akapanda kunde kwenye tope, kama Wapokomo wafanyavyo toka enzi. Kufikia Julai majani yalikuwa ya kupoza macho. Nami nilikuwa nyumbani likizo. Nasomea cheti cha afya ya mifugo, ingawa roho iko chuoni Kabete, kwenye ile miaka mitano ya udaktari wenyewe. Mtihani wa anatomia ulinisubiri, na kitabu cha mazoezi kilitaka visa ishirini vya mkono wangu. Nilikuwa na vitatu, kimoja kuku wa shangazi.

Alfajiri moja mbuzi wa jirani yetu, mzee mfugaji Muorma, akakutwa kwenye kunde, amevimba kama ngoma.

Huku kwetu mnyama shambani si mzaha. Mapigano ya wakulima na wafugaji yaliyoanza 2012 yaliua zaidi ya watu 100. Mama akataka kunde zake zilipwe. Mzee akasema ua wenyewe mbovu. Mimi nikainamia mbuzi. Ubavu wa kushoto ulikuwa umeinuka hadi usawa wa uti wa mgongo, ukiugonga kwa kidole unalia du, du. Kunde changa hufanya povu tumboni, hewa ikanaswa humo, mnyama asiweze kuteuka. Mapafu yakibanwa, saa chache tu amekufa. Povu huvunjwa na mafuta.

Nikaingia jikoni.

Nilimnywesha kwa chupa ya soda, pembeni mwa mdomo, funda kwa funda, kichwa nisikiinue sana yasije yakaingia mapafuni. Kisha nikamtembeza uani nikimkanda ubavu. Wagombanao wakanyamaza, wakaja kutazama. Mara akapiga mbweu ndefu, yenye harufu ya kunde zilizochacha, usoni pangu.

“Daktari!” mzee akacheka.

Mama hakucheka. Robo lita ilimtosha mbuzi, lakini dumu nililiacha wazi mlangoni, naye katika kutapatapa akalipiga teke. Mafuta ya mahamri ya arusi ya binamu yalikuwa yanatafuta njia ya kurudi mtoni.

Kunde zililipwa kwa maziwa. Mafuta, hakuna aliyeyataja ila Mama, kila siku. Usiku nikaandika kisa cha nne, nikafika penye sahihi ya msimamizi.

“Lete hapa,” Mama akasema. “Nitatia mimi. Dumu likirudi.”