Bati Linavuja Sebuleni, Tundu Liko Jikoni

Februari jijini Arusha ni mwezi wa vumbi na ahadi. Jua linawaka tangu asubuhi, Mlima Meru umejianika wote mpaka kileleni, na mwenye nyumba wa Njiro, Sakina au Moshono anasimama uani akitazama bati lake. "Wiki ijayo naita fundi," anasema. Tatizo ni kwamba Januari imepita na ada, sare na madaftari, na kilichobaki mfukoni hakitoshi hata kukodi ngazi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inatangaza mwelekeo wa mvua za masika, zile za Machi hadi Mei, na watu wanakumbushwa kuzibua mitaro. Mwenye nyumba anasikiliza redioni, anakubaliana na kila neno, kisha anahamia stesheni yenye mpira.

Kwa hiyo kazi ya kukagua nyumba huachiwa mvua, nayo hupenda kufika saa nane usiku.

Tone la kwanza linatua kwenye kochi. Mama anakimbilia sufuria. La pili linatua karibu na runinga, inaletwa ndoo. Kufika alfajiri sebule ina ndoo mbili, beseni la kufulia na bakuli la saladi lililokuwa zawadi ya harusi, kila chombo kikilia kwa sauti yake. Baba anaelekeza tochi darini, juu kabisa ya beseni, na kutoa hukumu: "Tundu liko hapa."

Haliko hapo. Maji yakishapenya kwenye bati hayadondoki moja kwa moja. Hutambaa upande wa chini wa bati mpaka yakutane na papi, yakaifuata papi mpaka kwenye kenchi, yakateremka na kenchi, ndipo yakatua juu ya dari ya jipsamu, pengine mita tatu au nne kutoka yalikoingilia. Hapo hujikusanya taratibu na kuchora ramani ya rangi ya chai ya rangi. Mgeni akiuliza, anaambiwa dari ilipakwa rangi na fundi mwanafunzi.

Arusha nayo haina huruma na bati. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari: mchana jua linachoma, usiku watu wanavuta blanketi. Bati linatanuka na kusinyaa kila siku, misumari inalegea kidogo kidogo, na mpira ulio chini ya kofia ya msumari unakauka mpaka unapasuka. Ongeza yule fundi wa zamani aliyepigilia misumari kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, akaacha matundu palepale maji yanapopita.

Fundi wa sasa anakuja Jumamosi, na msaidizi na kopo la lami. Njia yao ni ya miaka mingi na haina mashine. Msaidizi anaingia darini gizani na kutafuta vijinuru vya jua. Kila anapoona kimoja anapenyeza chelewa ya ufagio, ichomoze juu ya bati ili fundi aione.

"Umeiona?" sauti inatoka darini.

"Sijaiona!"

"Nimeshaipenyeza, kaka!"

"Iko wapi?"

"Mbona umeikanyaga!"

Chelewa ya kwanza inachomoza juu ya jiko. Baba, aliyesimama chini akiwa amekwisha kuwaeleza majirani kuhusu tundu la sebuleni, anajifanya anapokea simu. Matundu yanazibwa kwa lami na vipande vya kitambaa. Ila bati kuukuu halipendi kukanyagwa pasipo na papi. Linabonyea, na msumari wa jirani unang'oka. Ndiyo maana mafundi wazoefu hutembea wakifuata mstari wa misumari. Wasio wazoefu huziba moja na kuacha mawili, kisha hutoa namba ya simu "kwa ajili ya siku nyingine, bosi."

Akiwa bado juu, fundi anaulizwa habari za gata. "Gata lipo, mzee," anajibu, "ila mna shamba humu." Maua ya mijakaranda ya Oktoba na Novemba, majani ya migrivea na vumbi la kiangazi vimeoza vikawa mboji safi, na katikati yake umesimama mche wa mpapai, wenye afya kuliko ile yote iliyopandwa bustanini. Mama anaomba ung'olewe na mizizi yake, akaupande upya.

Gata la Arusha si pambo. Miamba ya volkeno ya Meru huyapa maji ya chemchemi na visima vingi floridi kupita kiasi, na ndiyo inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na viko vyanzo kuzunguka mlima vinavyokipita mara kadhaa. Maji ya mvua hayana floridi ya kutaja. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 30 za usiku mmoja, ni lita 3,000. Gata likiwa limegeuka bustani, lita hizo zinafurika ukingoni, zinachimba msingi wa nyumba na kuloanisha ukuta, huku simtanki la pembeni likibaki na mjusi mmoja mkavu.

Maji yaliyokosa tangi hutafuta njia kwa jirani. Kwenye miteremko ya Ilboru na Sekei kila mtu ana jirani wa juu na jirani wa chini, na kila mtu ni mwathirika wa mmoja na mtuhumiwa wa mwingine. Ukuta wa uzio uliojengwa bila matobo ya kupitishia maji huyazuia mpaka yaupige chini, tofali na rangi yake. Hapo anaitwa mwenyekiti wa mtaa, anayefika na mwavuli na mabuti, anaamkiwa kwa heshima zote, kisha anaambiwa na pande mbili kwa wakati mmoja kwamba maji si yao.

Udongo ukishalowa, nao wakazi wa ardhini wanahama. Siafu hupita usiku kwa msururu, na atakayewahi kugutuka ndiye anayekimbilia kufungulia kuku, maana kuku aliyefungiwa bandani haponi. Wazoefu humwaga majivu mlangoni, au huwaachia siafu nyumba na kungoja nje na mablanketi. Kesho yake mende wote wamekwisha. Kumbikumbi ni afadhali. Wakitoka kwenye kichuguu jioni baada ya mvua na kuzingira taa ya baraza, watoto na kuku wanafurahi pamoja. Wakitoka kwenye fremu ya mlango, furaha inaishia hapo: ndani ya ile mbao kuna mchwa, na ile oili chafu iliyokusudiwa kupakwa mwaka juzi bado iko kwenye dumu lake stoo.

Mlango wenyewe una kisa chake. Aprili mbao imekunywa unyevu, imevimba, haifungi mpaka isukumwe kwa bega. Anaitwa seremala, anapiga randa pembeni, mlango unafunga kwa kidole kimoja na watu wanamsifu. Agosti hewa imekauka, mbao imesinyaa, na kati ya mlango na fremu pana pengo linalopitisha upepo wa mlimani, vumbi na panya mdogo asiye na haraka. Seremala anaitwa tena, mara hii kuongeza alichopunguza. Analitazama pengo, anapima kwa kidole gumba, anatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Huyu fundi aliyewapigia randa," anasema, "mlimtoa wapi?"