Chuo Kinachokukataza Kushika

Matangazo ya kozi za masaji hayana haraka ya kukuambia utasoma nini, lakini yana haraka kubwa ya kukuambia utamaliza lini. Wiki mbili. Siku kumi. Jumamosi na Jumapili kwa walio kazini. Picha huwa ileile, chuo kiwe Sinza, kiwe Mtwapa: mwanamke wa Kizungu kalala kifudifudi, ua jeupe sikioni, mawe meusi matatu mgongoni, na mshumaa unaowaka pembeni ya taulo bila mtu yeyote kuonekana kuhofia moto. Chini ya picha inafuata orodha: masaji ya Kiswidi, ya Kithai, ya Kibali, ya Kihawaii, ya mawe ya moto, ya mianzi, na kwa kuwa chumba kimeshakodiwa, kope na kucha za kubandika nazo zimo. Mwanafunzi anapita Uswidi Jumatatu, anatua Bangkok Jumatano, na Ijumaa ya pili anavishwa joho na kupigwa picha, ameshazunguka dunia nzima bila kuambiwa figo zinakaa wapi.

Anayetafuta chuo ili aanze maisha kwa kazi hii hakosi washauri. Mmoja atamwambia atazame cheti, mwingine ada, mwingine kama darasa lina kiyoyozi. Mimi nina kipimo kimoja tu, na niko tayari kukitetea: waulize wanakufundisha kumkataa mteja gani. Mwalimu akianza kuhesabu kwa vidole, akamaliza mkono wa kwanza akahamia wa pili, kaa chini uombe fomu. Akikushangaa na kusema kwamba hapa kwetu mteja hakataliwi, mshukuru kwa ukweli wake, kisha uage.

Wanaokuja kuchuliwa si wale wa kwenye picha. Kwenye picha kuna mgongo wenye afya njema unaotafuta raha. Mlangoni kwako ataingia mtu anayesema, "Mwili wote unauma, viungo vimelegea, nichue angalau nipate nafuu," na katika nchi zetu maneno hayo ni ya malaria kabla hayajawa ya kitu kingine chochote. Aliyefundishwa atamgusa paji la uso, atasikia joto, atamwelekeza zahanati akapime. Aliyehitimu Ijumaa ya pili atafungua chupa ya mafuta. Anayefuata ameshuka kwenye basi la kutoka Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000 goti likiwa limebanwa na kiti cha mbele, na sasa mguu wake mmoja, mmoja tu, umevimba, una joto, na kigimbi kinauma. Anachoomba ni kidogo mno: akandwe hapo hapo panapouma. Lakini mguu wa namna hiyo unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likisukumwa linaweza kung'oka likaelekea kwenye mapafu, safari isiyo na kituo cha kushukia. Kuna ubavu wa shingo, inapopita mishipa mikubwa ipelekayo damu kwenye ubongo, mahali ambapo gumba la mtu mwenye ari nyingi na elimu kidogo halitakiwi kabisa. Kuna mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi: mawe ya moto yatamuunguza naye anatabasamu, kwa sababu hasikii kitu. Kuna choa, ambacho mkandaji asiyekijua atakitoa kwenye mgongo mmoja na kukigawa kwa wateja wa siku nzima bila kuongeza bei. Haya yote hayana picha nzuri, na naelewa kwa nini hayatangazwi. "Njoo ujifunze kurudisha pesa za watu" si maneno ya kujaza darasa.

Waliokwisha kuifanya masaji kuwa taaluma ya leseni walikubali kwamba mambo haya yanataka muda. Jimbo la New York linadai saa 1,000 za masomo. Japani, anayetaka leseni husoma miaka isiyopungua 3, kisha hufanya mtihani wa taifa. Ujerumani ni miaka 2 ya chuo, na bado mazoezi ya kazini yanamsubiri. Sasa chukua kozi yetu ya wiki mbili, saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki: saa 60, na hapo hujatoa hotuba ya ufunguzi, chai, umeme kukatika, na ile asubuhi nzima ya kila mmoja kupiga picha akiwa ameshika cheti, kwanza peke yake, halafu na mkurugenzi, halafu na mama mzazi. Msomaji mjuzi atanikatiza hapa kwa kunitajia Wat Pho, na ana haki. Hekalu hilo la Bangkok lina shule ya masaji tangu 1955, na ufundi wa Wathai uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2019, lakini shule hiyo hiyo hutoa kozi ya saa 30 inayokwisha kwa siku 5. Je, nao ni matapeli? Hata kidogo. Kozi ile ni mlango wa kwanza, na nyuma yake ipo milango mingine. Mthai anayetaka kuandikishwa na serikali kufanya masaji ya afya hutakiwa kuwa na saa 150 kwa uchache. Mtalii anayerudi kwao na cheti cha siku tano akamkanda mumewe sebuleni hana kesi na mtu. Kesi inaanza siku tano zile zinapotiwa fremu, zikatundikwa ukutani na kuandikiwa umahiri.

Pingamizi zito kuliko hilo hutoka nyumbani. Bibi zetu, tunaambiwa, waliwakanda wazazi kwa maji ya moto siku arobaini, walinyoosha viungo vya watoto wachanga, waliwasinga maharusi kwa liwa na asumini, na hakuna aliyekaa darasani hata saa moja. Ni kweli hakukaa darasani, lakini bibi huyo alisoma muda mrefu kuliko wahitimu wa New York. Alichokosa ni sare tu. Alianza akiwa binti wa kubeba ndoo, akapandishwa cheo akawa wa kupasha mafuta ya nazi, akakaa miaka akiitazama mikono ya shangazi yake kabla ya kuruhusiwa kuweka ya kwake, na alipokosea alizabwa kofi la mkono mbele ya mteja, njia ya kusahihisha ambayo chuo cha kisasa hakina ubavu nayo. Tena alijua kukataa. Alipomshika mzazi akaona homa haimwachi, hakuongeza mafuta. Alisema huyu apelekwe hospitali sasa hivi, na nyumba nzima ikainuka. Sisemi kila bibi alikuwa hodari. Wapo waliokanda mifupa iliyovunjika kwa imani kwamba ni mshipa umelala, na madaktari wa mifupa wana la kusema juu yao. Lakini anayemleta bibi barazani ili atetee kozi ya wiki mbili amemwita shahidi wa upande wangu.

Wengine watasema mteja haulizi cheti, basi cheti cha nini. Nakubali nusu ya kwanza. Mteja akishalala kifudifudi hana nafasi ya kusoma mihuri ya ukutani. Tatizo ni kwamba mteja wetu hasemi pia kwamba anaumizwa. Mtie kiwiko kwenye mbavu, atakwambia "aa, sawa tu." Muulize kama nguvu inatosha, atajibu "wewe endelea, dada yangu," huku vidole vya miguu vimejikunja. Akimaliza atashukuru, ataacha chenji, atawaombea heri watoto wako, na hutamwona tena mpaka mkutane msibani. Adabu hii imefilisi wakandaji wengi ambao hadi leo wanaamini wamerogwa na jirani. Ndiyo maana napendekeza kitu kinachowakera wenye vyuo: mwalimu mwenyewe alale kitandani, chini ya mikono ya kila mwanafunzi, aseme hapa unabonyeza mfupa, hapa unanifinya, hapa unafikiria mambo mengine. Wanafunzi wakikandana wenyewe kwa wenyewe watasifiana mpaka siku ya mahafali. Wakifundishwa kwa video ndiyo basi tena, kwa sababu mgongo wa kwenye simu hautoki jasho, hauna vinyweleo na haukoromi.

Kuna mwili mwingine wa kuzuiwa usiumizwe, nao ni wa mkandaji. Kijana anayeanza huamini kazi yote hufanywa na vidole gumba, basi huvitumia kutoka kisogoni hadi kwenye visigino, mteja baada ya mteja, ameinama juu ya kitanda ambacho kilinunuliwa kwa kufuata bei na si kimo chake. Baada ya muda si mrefu anashindwa kufungua chupa ya maji, na jioni yeye ndiye anayemtafuta mtu wa kumchua. Chuo kinachojua kazi humkataza gumba mapema, kikamfundisha kusukuma kwa uzito wa mwili, kutumia kigasha, kupanga miguu sakafuni na kupima kimo cha kitanda kabla ya kupima mafuta. Mambo haya yanachosha kujifunza na hayana jina la nchi yoyote ya kitalii. Halafu kuna suala la mapambo. Korea Kusini sheria imewaachia wasioona kazi ya masaji, na Japani karne ya 17 Sugiyama Waichi, ambaye mwenyewe alikuwa haoni, alianzisha shule za kuwafundisha wasioona tiba ya sindano na ukandaji. Sijui mshumaa wenye harufu ya vanila ungewaongezea nini. Ukikuta chuo kimetumia fedha nyingi kwenye taa za rangi kuliko kwenye mchoro mmoja wa misuli, umeshajua vipaumbele vyake.

Lipo na suala la jina. Mwambie mjomba unasomea umeme, atakuuliza ada, mwambie unasomea masaji, atauliza "masaji gani?" na nyusi zitapanda hadi kwenye kofia. Hofu yake haikutoka hewani, maana wapo waliojificha nyuma ya kibao cha masaji wakiuza biashara nyingine. Dawa yake nayo ni kukataa: namna ya kumfunika mteja shuka na kufunua sehemu moja tu inayokandwa, mipaka ya mikono, na maneno ya kumtoa mlangoni bwana aliyekuja na maombi ambayo hayamo kwenye bei. Chuo kisichokuwa na somo hilo kinamtuma binti wa watu vitani bila ngao. Na kikimwahidi kazi ya uhakika Ghuba mara tu akimaliza, mkataba hauonekani ila pasipoti inatakiwa leo, hapo nyusi za mjomba ziheshimiwe.

Kuhusu fedha sina ubishi. Kozi ndefu ina gharama, na wengi hawana. Kwa asiye nazo, kozi fupi si dhambi: aichukue kama ya kuonja, aone kama anaweza kukaa siku nzima na migongo ya watu bila kinyaa, kisha atafute hoteli au saluni yenye mkandaji wa miaka mingi ajifunze chini yake, kama yule binti wa ndoo. Asikubali tu kuambiwa kwamba ameiva. Anayetaka kutibu migongo iliyoharibika na wagonjwa wa kiharusi, hiyo ni fiziotherapia, na inasomwa kwa miaka katika vyuo vya afya, kama kile cha KCMC Moshi au KMTC kule Kenya. Tangazo likikuahidi kuyatibu hayo pamoja na presha kwa kozi ya wiki mbili, limejieleza lenyewe.

Basi kabla ya kulipa, fanya mambo machache. Uliza chuo kimesajiliwa na nani: Tanzania Bara majina ya kuulizia ni VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, na NACTVET, Zanzibar ni Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, Kenya ni TVETA kwa usajili wa chuo na NITA kwa mitihani ya ufundi. "Cheti cha kimataifa" kisicho na taifa hata moja nyuma yake, mwachie mwenye printa. Nenda siku ya mazoezi, si siku ya maonyesho, ulale uchuliwe na mwanafunzi wa mwezi wa pili, na kwa mara moja maishani useme panapouma. Waambie una mguu mmoja uliovimba, uone kama wataufikia au watakuinua. Na ada usilipe siku hiyo hiyo, hata wakikuapia kwamba punguzo linakwisha saa kumi jioni. Punguzo hilo litakuwepo na kesho.