Usaili wa Kompyuta Inayoomba Kituo cha Kazi Mafia

Kila kompyuta mpakato ni hodari ikiwa ndani ya kabati la kioo pale Mtaa wa Samora. Kiyoyozi kinapuliza, umeme upo, muuzaji anaifuta kwa kitambaa laini kama anayempangusa mtoto jasho. Ukitaka kuijua tabia, iite kwenye usaili. Iweke mezani, jikohoze, uiambie waziwazi: tunatafuta mtumishi wa kwenda kisiwa cha Mafia. Njia ni ya vumbi na maji, hewa ni ya chumvi, na posho ya mazingira magumu hakuna. Nani yuko tayari?

Usaili huu ni kwa ajili ya watu ninaokutana nao chomboni: mhasibu wa hoteli ya Utende, mnunuzi wa pweza anayekwenda Jibondo, mkaguzi wa hesabu anayekuja kwa siku nne, mtafiti wa papa potwe anayehamia Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Wote wanaishi kwa kompyuta, na wote wameshauriwa na mtu ambaye hajawahi kuvuka bahari nayo.

Waombaji niliowaita ni watatu. Wa kwanza ni MacBook Air ya mwaka 2020, yenye chipu ya M1. Wa pili ni ThinkPad X1 Carbon, mwembamba, mtanashati, kipenzi cha wakurugenzi. Wa tatu ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018, mtumba wa Kariakoo, mnene kidogo, mweusi, na hana haraka.

Kabla hawajakaa, amkia mzee wao. Osborne 1 ilitoka mwaka 1981, ikatangazwa kuwa ni kompyuta ya kusafiri nayo inayoingia chini ya kiti cha ndege. Ilikuwa na kilo 11 hivi, kioo cha inchi 5, na haikuwa na betri. Sasa ipeleke mizanini. Ndege ndogo za kutoka Dar es Salaam kwenda Mafia, mwendo wa nusu saa hivi, mara nyingi zinakuruhusu kilo 15 za mizigo, pamoja na mfuko wa mkononi. Ukimbeba mzee Osborne, unabaki na kilo 4 za nguo, viatu na zawadi za wenyeji wako.

Wajukuu zake hawana tatizo hilo. X1 Carbon ina kilo moja na kidogo, Air ina kilo 1.29, na T480 ikivaa betri kubwa inakaribia kilo 2. Wauzaji hushikilia sana tofauti hii, lakini kutoka mwembamba kabisa hadi mnene kabisa hapo ni kama nazi moja iliyofuliwa. Mtu anayekwenda Mafia asiogope uzito wa nazi moja. Apime pia chaja, maana wako wanaosifia wembamba wa kompyuta halafu wanabeba tofali la umeme mfuko wa pembeni.

Njia ya pili haina mizani, ina matuta. Unapanda basi Mbagala Rangi Tatu, unashika Barabara ya Kilwa hadi Bungu, kisha unakata kuelekea Nyamisati kupanda chombo. Hapa muulize mwombaji jambo moja tu: ndani una diski inayozunguka au SSD? Diski ya kizamani ina sahani inayozunguka na kichwa kinachoelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Mtikisiko mmoja mbaya, na hesabu za mwaka zimekwenda. SSD haina kitu kinachozunguka. Wote watatu wanayo, lakini kompyuta nyingi za zamani zaidi zinazouzwa mtumba bado zina diski. Mwenye diski arudi nyumbani, barua tutamwandikia.

Na wewe una wajibu wako njiani. Kiswahili kimeipa mashine hii jina linalotaja kazi hiyo: kompyuta mpakato, ya kupakatwa, kama mtoto. Usiitupe kwenye buti chini ya ndoo na magunia, wala usimwachie utingo aifunge juu. Kaa, ipakate hadi Nyamisati. Kwenye ndege pia iwe na wewe, si kwenye mizigo, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto lazima iwe mahali ambapo mtu anaiona.

Chakula cha kompyuta, yaani umeme, ndicho kinachowaangusha wengi. Mafia kwa miaka mingi imekuwa na umeme wake yenyewe, wa majenereta ya dizeli ya TANESCO, mbali na gridi ya taifa. Umeme wa namna hiyo una siku zake. Ukikatika, hilo dogo. Hatari kubwa ni kurudi kwake, kwa sababu unaweza kurudi na kishindo. Umeme ukikatika, chomoa chaja ukutani, subiri dakika tano baada ya taa kurudi, ndipo uichomeke tena. Ukikaa muda mrefu, nunua kile kifaa cha kulindia friji. Kinalinda kompyuta vilevile.

Najua uzito wa jambo hili. Safari moja nilikuwa nyumba ya wageni Kilindoni na kompyuta nyembamba ambayo betri yake ilikuwa imechoka. Kazi ilikuwa orodha ya malipo ya wavuvi, na ilitakiwa ifike Dar kabla ya asubuhi. Saa mbili usiku umeme ukakatika, dakika ishirini baadaye kompyuta ikazima, na umeme haukurudi hadi kesho yake mchana. Malipo yalichelewa siku nzima, na watu wale walikuwa wameshasubiri vya kutosha. Tangu siku hiyo nauliza chakula kabla ya sura.

T480 anajibu vizuri kuliko wote. Ana betri mbili: moja ndani, ya watt-saa 24, na nyingine nje unayoweza kuichomoa na kuweka mpya bila kuzima mashine. Ya nje kubwa kabisa ina watt-saa 72. Ukiwa na betri ya akiba begini unavuka usiku mzima wa giza ukiandika. Air naye hasemi uongo: betri yake ni ya watt-saa 50 hivi, lakini chipu yake inakula kama ndege chiriku, na kazi za kuandika na hesabu anazimaliza siku nzima. Wote watatu wanakubali chaja ya USB-C, kwa hiyo pawabenki ya milliamp-saa 20,000, ambayo ni watt-saa 74, inawalisha, mradi iwe ya aina inayotoa nguvu ya kutosha kwa kompyuta, si ya simu tu. Kikomo cha kawaida cha ndege ni watt-saa 100 kwa betri moja, kwa hiyo hapo uko salama.

Kuhusu afya, kisiwa hiki kimewahi kusaili mitambo ya wakubwa. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia kutoka kwa Wajerumani, wakiiwinda manowari Königsberg iliyojificha kwenye Delta ya Rufiji. Wakaleta ndege za kutua majini aina ya Sopwith hadi Nyororo, kisiwa kidogo kilichomo ndani ya wilaya hiihii. Zilikuwa za mbao, kitambaa na gundi. Joto na unyevu vikaiachanisha gundi, na ndege zikashindwa kazi. Zilizofaulu zilikuja baadaye, ndege za kuruka kutoka nchi kavu, kwenye uwanja uliotengenezwa Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 mojawapo ilipigwa ikiwa angani inaelekeza mizinga ya meli Severn na Mersey. Rubani akaishusha taratibu, na mwenzake akaendelea kutuma masahihisho kwa redio mpaka walipoangukia maji. Wote wawili waliokolewa, na siku hiyo Königsberg ikaangamia. Ukimsaili mwombaji yeyote, mkumbushe mtu yule wa redio aliyefanya kazi huku anaanguka.

Gundi za leo ni bora, ila chumvi ni ileile. Feni ya kompyuta inavuta hewa, na ufukweni hewa inakuja na chumvi na unyevu, vinaganda ndani na kula shaba polepole. Hapa Air ana heshima yake: hana feni kabisa. T480 anayo, kwa hiyo usimfanyishe kazi barazani upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini. Ndani ya chumba anatosha. Kwa upande mwingine, kibodi yake ina mifereji ya kupitisha maji hadi chini, na chai ikimwagika una nafasi ya kumwokoa. Air chai ikimwingia, andaa fedha.

Maji ya bahari yakiingia, zima, chomoa betri ya nje, usijaribu kuiwasha kuona kama imepona. Mpelekee fundi aifungue na kuisafisha kwa spiriti. Usiizike kwenye mchele. Mchele hautoi chumvi, na mchele wa Mafia una nazi yake inausubiri.

Ndipo linakuja swali ambalo X1 Carbon alilijibu akitazama chini: ukiugua, nani atakutibu? Kumbukumbu yake ya RAM imechomelewa kwenye bodi. Ya Air pia, na hifadhi yake vilevile. T480 unafungua kifuniko kwa bisibisi ya kawaida, unabadili RAM, SSD, betri, hata kibodi. Vipuri vyake vimejaa Kariakoo, na mtu wa Dar anaweza kukupakilia basi la asubuhi. Kwangu, hili lilimaliza mjadala. Kituo cha kazi ni cha T480. Air achukuliwe na mtu wa safari za siku tatu, na hasa anayefanya kazi mwangani, kwa sababu kioo chake kinang'aa kuliko kile cha T480 ambacho mara nyingi ni hafifu. X1 abaki makao makuu.

Lakini mtumba ni mtumba, ukague vyeti. Hakikisha T480 yako ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, maana ziko zenye kizazi cha 7, na Windows 11 haizikubali. Msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Mwambie muuzaji aingie BIOS mbele yako. Ikidai nywila asiyoijua, iache hapohapo. Kisha andika amri ya powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Ikiwa imepoteza nusu, idai mpya au shusha bei.

Siku ya kuondoka, pakua mafaili yote ukiwa Dar, na uiambie Windows kwamba mtandao wa simu yako ni wa kulipia kwa kipimo, la sivyo itakula bando lote kwa masasisho kabla hujafungua barua pepe moja. Nunua begi la mpira linalofungwa kwa kukunja mdomo. Hilo ni muhimu kuliko kasi ya prosesa, hasa kama kazi itakufikisha Chole. Siku za bamvua, maji yakipwa Utende, mashua inakusubiri mbali na unaifuata kwa miguu. Vua viatu kwanza, kunja suruali, ndipo uweke begi kichwani. Na mkono mmoja ubaki mtupu, wa kumshika bibi aliye mbele yako akiteleza.