Jinsi ya Kuvuka Feri Ukiwa Mwanamume

Katika hadithi za Wazungu, msichana akitaka safari hukata nywele na kuvaa suruali ya kaka yake, basi jeshi zima lishapofuka. Éowyn wa Tolkien alijiita Dernhelm akaenda vitani. Portia, aliyetujia kwa Kiswahili mwaka 1969 katika Mabepari wa Venisi ya Julius Nyerere, alivaa kiwakili, na mumewe asimtambue mle mle mahakamani. Nawe dada wa Likoni ukiona yafaa, fuata haya.

1. Kifua. Kifunge kwa leso. Kufikia saa sita, kwa jua letu, utakuwa umeiva, na wanaume wenzako wote wamevua mashati.

2. Jina. Usiseme "Ali" ukanyamaza. Mtongwe watauliza: Ali wa nani? Tayarisha baba, babu, na msiba mmoja mliozikana.

3. Mwendo. Lango la feri likifunguliwa, jitome. Ukikanyaga mtu, mtazame kana kwamba yeye ndiye mwenye makosa. Mkono usiende kuweka mtandio sawa. Mtandio umeuacha nyumbani.

4. Baraza. Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Jioni Kisauni, kahawa chungu mkononi, panua magoti uhukumu bajeti ya serikali na kocha wa Arsenal kwa pumzi moja. Usilolijua, lisemee zaidi. Ukisema "sijui", umejifichua.

5. Kazi. Usijisumbue kwa ajili ya mchumba, kama wale wa vitabuni. Pili Hussein wa Tanzania alijifanya mwanamume karibu miaka kumi huko Mererani kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kushuka mashimoni. Wachimbaji wakamwita Mjomba Hussein, naye akachimba tanzanaiti hadi akaipata.

6. Kufichuka. Vitabuni kofia huanguka, nywele zikamwagika, mwana wa mfalme akapenda. Mjomba Hussein alituhumiwa kubaka, ikabidi awathibitishie polisi kuwa ni mwanamke. Baadaye akawa na kampuni yake ya uchimbaji, akaajiri wanaume.

Kwa hiyo kabla ya kushika mkasi, ulizia malipo. Ikiwa ni kibarua cha kutwa cha kubeba magunia godauni la Changamwe, bakia na nywele zako: pesa hizo haziwatoshi hata wenye ndevu.