Wapishi 96, Yai Moja

Ndugu yetu kajinunulia seva, kaitua sebuleni. Inavuma kama mashine ya kusaga mahindi, na kila mgeni, kabla hata ya kukaribishwa chai, huambiwa: "Viini 96!" Hongera. Anachofungulia humo ni jedwali la michango ya harusi.

Kichakataji cha seva hiyo, EPYC 9654 ya AMD kilichotoka 2022, kweli kina viini 96, na kimepangiwa wati 360. Ila hakuna kiini kinachovuka gigahezi 3.7. Laptopu yenye Core i9-13980HX ya Intel ina viini 24 tu, lakini kiini kimoja kikipewa kazi peke yake hufika 5.6. Na jedwali la michango hutegemea zaidi kiini kimoja. Vilivyobaki ni wapishi waliojazana jikoni kutazama mwenzao akikaanga yai.

Mwenye laptopu naye asichekelee sana. Ampe kazi nzito ya nusu saa mfululizo: joto likipanda, kasi hushuka, majigambo yakafuata. Wageni elfu wakibisha hodi mtandaoni kwa pamoja, hapo ndipo seva huitwa bwana.

Kwa ndugu yetu hajabisha hata mmoja. Mkewe huanika soksi nyuma ya seva; zinakauka upesi.