Namna ya Kumtoa Mtegeaji Kichakani

Kwanza umjue. Katika kikundi cha watu 8 chuoni, mtegeaji ndiye anayejibu "poa" kwenye kundi la WhatsApp kila asubuhi, na siku ya kukutana yuko njiani tangu saa nne mpaka saa nane. Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi ndipo anapoibuka: "Jamani, jina langu mmeliandika?" Kazi imefanywa na dada mmoja aliyekesha na laptopu ya kuazima. Wamepata 14 kati ya 20, na kila mmoja anaondoka na 14 yake. Nimesahihisha kazi za namna hiyo miaka mingi na bado zinaniuma.

Usiwalaumu vijana wa siku hizi. Mhandisi wa kilimo Mfaransa, Max Ringelmann, aliandika mwaka 1913 kwamba wavuta kamba wakiongezeka, nguvu ya kila mmoja hupungua. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake, Marekani, waliwapima watu wakipiga makofi na kelele, wakakuta yaleyale. Baadaye walipowaambia washiriki kwamba sauti ya kila mtu itapimwa peke yake, kutegea kukaisha. Dawa ndiyo hiyo: kila mtu aonekane.

Basi kata kikundi kiwe cha watu 4. Wanane ni kamati ya harusi. Gawa majukumu: kiongozi anayelinda muda, katibu, msemaji, na mkaguzi anayeangalia jinsi wenzake wanavyofanya kazi. Kisha yazungushe kila wiki. Usipoyazungusha, msichana mwenye mwandiko mzuri atakuwa katibu mpaka mahafali, na mwenye sauti kubwa atakuwa kiongozi milele.

Kabla hawajatoka darasani, wape dakika 10 za kimya na karatasi. Leo nimefanya nini? Nani amenisaidia, kwa lipi? Wiki ijayo nitabadili nini? Anayeandika "tulishirikiana vizuri" mrudishie karatasi yake, kwa upole, aandike upya. Unachotafuta ni mfano wa haya: "Nilikuwa kiongozi. Mkaguzi amehesabu: nimezungumza mara 11, mwenzangu mmoja hajazungumza hata mara moja. Wiki ijayo nitaanza kumuuliza yeye." Mwanafunzi aliyeandika hivyo amejifunza jambo ambalo mhadhara wangu wa saa mbili usingemfundisha.

Alama nazo zifuate jasho. Kila mmoja awapime wenzake kwa siri, 1 hadi 5, na kila namba iwe na sababu, maana marafiki hupeana 5 kama peremende. Wastani wa mtu ugawanye kwa wastani wa kikundi, uzidishe kwa alama ya kazi. Mwenye wastani wa 3 katika kikundi chenye wastani wa 4 anatoka na 10.5 badala ya 14.

Ila kabla hujamkata, mwite umuulize. Wapo wanaokosa vikao kwa sababu nauli imeisha au wanauguza nyumbani, na huyo si mtegeaji.

Mwalimu mwenzangu, kazi ya kikundi inayokuja usiipokee ikiwa na orodha ya majina tu. Dai mbele ya kila jina iandikwe kazi aliyoifanya mwenye jina.