Sifa za Foleni, Mjukuu wa Ndizi

Wapo waliosifiwa bila kustahili, na wapo wanaostahili wakakosa wa kuwasifu. Wafalme wamepigiwa ngoma, majemadari wametungiwa tenzi, hata pilau ina malenga wake. Lakini ni nani aliyewahi kusimama mbele za watu akaisifu foleni? Tena sisemi foleni ya benki, ambayo ina kiyoyozi, wala ya kivuko cha Kigamboni, ambayo ina muuza karanga. Nasema ile inayojinyonganyonga kwenye theluji chini ya mlima, kila mtu kafungwa mbao mbili miguuni, wote wakingojea kiti kinachoning'inia kwenye waya kiwapandishe kileleni, ili wateremke, warudi kupanga tena. Hiyo ndiyo niliyokuja kuisifu leo, na ushahidi wangu niliukusanya kwa miguu yangu mwenyewe, Jumamosi moja ya Februari, katika mlima mmoja wa Colorado, Marekani.

Nilipelekwa na mpwa wangu. Anasoma Denver, na mwisho wa juma hufanya kibarua mlimani: hupakia watu kwenye lifti ya viti. Zana zake ni tatu: koleo la kusawazishia theluji mahali pa kupandia, kitufe chekundu cha kusimamishia mtambo, na koo. Alinikabidhi mbao za kukodi, akanionyesha mkia wa foleni, akasema, "Mjomba, tutaonana pale mbele." Pale mbele palikuwa mita 100 tu. Tulionana baada ya dakika 40.

Msifiwa yeyote huanziwa kwenye nasaba, na nasaba ya foleni hii inanukia bandari. Katikati ya miaka ya 1930 kampuni ya reli ya Union Pacific ilitafuta sababu ya kuwapandisha Wamarekani treni wakati wa baridi. Mwenyekiti wake, Averell Harriman, akaamua kujenga mahali pa mapumziko ya theluji, Sun Valley, katika jimbo la Idaho. Zama hizo mteleza theluji alipanda mlima kwa miguu yake, au alishika kamba iliyomburuta mpaka glavu zikachakaa. Kutafuta njia ya kiungwana zaidi kukamwangukia mhandisi wa kampuni, James Curran, aliyekuwa Omaha, Nebraska, nchi tambarare isiyo na hata kilima cha kuazima.

Curran hakuujua mlima, ila aliijua ndizi. Aliwahi kushughulika na mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini: waya unazunguka bila kusimama, umetundikwa ndoano, na kila ndoano ina mkungu wake. Akatoa ndoano, akaweka kiti. Akatoa mkungu, akaweka mtu. Ikabaki kujua kama mtu anaweza kuzolewa na kiti kinachotembea bila kuvunjika. Wakafunga kiti ubavuni mwa lori, mtu akasimama njiani, lori likaja likamzoa kwa nyuma. Theluji hawakuwa nayo, basi wakatandaza nyasi kavu. Nyasi zilipogoma kuteleza, wakamvisha mtu huyo viatu vya magurudumu. Desemba 1936 Sun Valley ikafunguliwa, na lifti za kwanza za viti duniani zikaanza kuzoa watu.

Sisi tunaotoka penye migomba tuna haki ya kuvimba kichwa kidogo. Matajiri wote wanaopandishwa vilele vya Marekani na Ulaya hupandishwa kwa heshima za mkungu. Tofauti ni moja: ndizi haijui kungoja, huoza. Binadamu alipokaa mahali pa ndizi ndipo kikazaliwa kitu ambacho ukoo mzima wa mgomba haukuwa nacho, yaani zamu. Na hekima ya wazee imekaa pale pale ikitungojea: mstahimilivu hula mbivu.

Sasa tazama adabu za mjukuu huyu. Kofia ngumu na miwani mikubwa vimefuta sura za watu wote. Bosi na karani wake wanaweza kusimama bega kwa bega nusu saa wasitambuane, na huenda hiyo ndiyo nusu saa pekee ya juma wanapopatana. Tajiri hawezi kupiga honi. Mwenye cheo hawezi kutuma dereva ampangie. Mwenye haraka naye hawezi kukimbia, maana miguuni ana mbao mbili zenye urefu wa karibu kimo chake. Akijaribu kuchomekea atazikanyaga mbao za jirani, na kukanyaga mbao za jirani ni kosa ambalo foleni nzima huliadhibu kwa ukimya mzito. Kweli, tangu 2021 ipo milima iliyoanza kuuza njia ya mkato kwa wenye kulipa zaidi. Lakini hata tusi hilo ni sifa: hakuna anayeuza njia ya kukwepa kitu kisicho na nguvu.

Foleni hii ni shule pia, na somo lake la kwanza ni hesabu. Lifti ya watu wanne hupitisha kiti kimoja kila sekunde 6. Hivyo ni viti 600 kwa saa, yaani watu 2,400, kama kila kiti kimejaa. Lakini watu hawaji mlimani wakiwa wamefungwa wannewanne kama soda za katoni. Huja mke na mume, huja marafiki watatu, na hakuna anayetaka kuachana na mwenzake kwa safari ya dakika chache, utadhani kiti kinakwenda ughaibuni. Vikundi vya watatu vikipanda peke yao, viti 600 huondoka na nafasi 600 tupu kila saa, na zote hizo hulipwa na waliosimama nyuma.

Ndiyo maana mkuu wa foleni si mwenye mtambo, ni yule mpangaji anayesimama pale ambapo vichochoro vya kamba vinakutana. Huita kulia, huita kushoto, zamu kwa zamu, akiwaunganisha wawili wa huku na wawili wa kule wasiojuana hata kwa salamu. Na pembeni kabisa ameweka kichochoro chembamba cha watu walio peke yao. Hapo ndipo niliposikia ukarimu ambao sijausikia kwingine. Dunia humtazama mtu mpweke kwa huruma, shangazi humuuliza ataoa lini, hoteli humtoza chumba kizima. Foleni ya mlimani humwita kwa shangwe mbele ya umati: "Mmoja! Nahitaji mmoja!" Naye hupita akiwaacha nyuma wenye ndoa zao, akaziba pengo kama jiwe la mwisho la ukuta.

Somo la pili ni utu. Mtu akianguka pale pa kupandia, mpwa wangu hubonyeza kitufe chekundu. Sekunde 30 tu, na viti vitano havikupakiwa: watu 20 wamechelewa kwa ajili ya mmoja. Niliona hayo kwa karibu sana, kwa sababu mmoja huyo nilikuwa mimi. Nilikaa kabla kiti hakijafika. Waliokuwa nyuma yangu hawakusonya. Walipekua simu zao kwa heshima, kama watu waliokaa matangani.

Wanazuoni nao wameinyenyekea. Mwaka 1909 Mdenishi Agner Krarup Erlang, akishughulika na simu za Copenhagen, alichapisha hesabu zilizozaa elimu nzima ya foleni. Mwaka 1961 Mmarekani John Little akathibitisha kanuni inayoenea kwenye kiganja: zidisha idadi ya wanaoingia kila dakika kwa dakika ambazo kila mmoja hukaa humo, nawe umepata idadi ya waliomo. Mapenzi yana washairi maelfu, na hadi leo hayajapata kanuni hata moja iliyothibitishwa.

Najua maadui wa foleni wananisubiri na silaha yao moja, iitwayo lifti mpya. Kila majira ya joto, theluji ikishayeyuka, helikopta huja kusimika nguzo mpya milimani, na msimu ukifunguliwa watu hukusanyika kupiga picha. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Silaha hii ilinolewa mwaka 1981 huko Breckenridge, Colorado, palipofungwa lifti ya kasi ya viti vya watu wanne vinavyoachia waya. Ujanja wake uko kwenye kibano. Kiti kikifika kituoni, kibano huuachia waya. Kiti kikapunguza mwendo, kikasogea polepole kama daladala inayotafuta abiria. Watu wakikaa, kiti husukumwa mpaka kikaudaka waya tena. Waya wenyewe haungoji mtu. Kwa kuwa haumzoi mtu moja kwa moja, unaweza kukimbia mita 5 kwa sekunde, badala ya mita 2.5 za lifti ya zamani.

Wakati wa chakula cha mchana nilimwambia mpwa wangu kwamba hapo sifa zangu zimekwisha: mwendo ukiwa maradufu, foleni itakuwa nusu. Akacheka, akachora kwenye theluji kwa ncha ya koleo. Chukua mteremko wa mita 1,800. Lifti ya zamani hupanda kwa dakika 12, mpya kwa dakika 6. Lakini makalio ya binadamu hayajapata toleo jipya. Muda anaouhitaji mtu ili aketi kitini ni uleule. Kwa hiyo zote mbili hupakia kiti kimoja kila sekunde 6, ya zamani viti vikipishana mita 15, mpya mita 30. Zote hupandisha watu 2,400 kwa saa. Ila ya zamani huwa na watu 480 angani kwa wakati mmoja, na mpya huwa na 240.

"Na hao 240 wengine wamekwenda wapi?" nikauliza, kama mwanafunzi mtiifu wa Little.

Akaacha kutafuna. "Wamerudi kupanga, Mjomba."

Hapo ndipo nilipoutambua utukufu wa msifiwa wangu. Lifti ya zamani ilikuwa ikiwaficha watu wake hewani, wamekaa, wanatazama miti, wanadhani wanasafiri, kumbe wanangoja. Mpya imewashusha wakasimame waonane.

Maadui hawakuchoka. Wameongeza ukubwa wa kiti: watu sita, kisha wanane. Hapo kweli idadi inayopandishwa huongezeka, lakini wanaopandishwa hawabaki mawinguni; wote huteremka. Foleni huondoka chini ya mlima, ikaenea kwenye mteremko wenyewe, na mteremko uliojaa watu ni foleni iliyokosa mpangaji, yenye mwendo wa pikipiki. Aliyesimama chini anatukanwa kwa kuchelewa. Aliyegongwa juu anabebwa kwa machela. Foleni ni bawabu wa mlima: huwaruhusu watu kwa kipimo, theluji isikwanguliwe mpaka udongo ukaonekana kabla ya saa sita.

Wapo walioelewa hilo bila kuhubiriwa. Mad River Glen, katika jimbo la Vermont, wana lifti ya mtu mmoja mmoja iliyofungwa mwaka 1948. Tangu 1995 mlima huo ni mali ya ushirika wa watelezaji wenyewe. Lifti ilipozeeka wangeweza kufunga yenye viti vikubwa. Wao, mwaka 2007, wakaikarabati ile ile, mtu mmoja kwa kiti, ili njia zao zisifurike. Walilipa pesa zao halali kuitunza foleni, kama watu wengine wanavyotunza msikiti wa kale.

Na huko Park City, Utah, mwaka 2022, lifti mbili mpya zilikuwa tayari zimeagizwa, moja ya viti vya watu wanane. Wakazi wanne wakakata rufaa, na mojawapo ya hoja ilikuwa maegesho ya magari: hao wa ziada watateremkia wapi na magari yao? Tume ya mipango ya mji ikawakubalia. Lifti zikapelekwa Whistler, Kanada. Tazama cheo cha foleni: vyuma vizima vilihama nchi, yenyewe ikabaki mahali pake.

Jioni tulirudi Denver kwa barabara kuu ya I-70. Kabla ya handaki la Eisenhower, ambalo limetobolewa milimani kwenye kimo cha takriban mita 3,400, magari yalisimama, taa nyekundu zikiwa zimepangana mpaka kwenye kona na kuizidi. Nikaitambua mara moja, nikaisalimu. Ilikuwa ile ile ya asubuhi, imevua mbao, imevaa matairi. Ila hapa hapakuwa na mtu wa kuita "Mmoja!", na mwenye haraka aliweza kupiga honi, akapiga.

Mpwa wangu, mkono mmoja kwenye usukani, akanipa habari njema: msimu ujao pale kazini wanafunga lifti ya watu sita.

"Na foleni?" nikauliza.

Hakujibu. Alinyoosha kidole mbele, kwenye taa nyekundu, kisha akafungua mkoba wake wa chakula, akatoa ndizi mbili, akanipa moja. Ilikuwa bado haijaiva vizuri. Tulikuwa na muda.